Nyuma ya Picha

Picha za zamani za ukoo wetu husomwa pande mbili. Mbele wamo watu waliovaa makoti mazito, maana Sumbawanga iko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni haimhurumii mtu. Nyuma kuna mwandiko wa baba mdogo: jina la kijiji, mwezi na mwaka, na nani ni nani kuanzia kushoto. Alikuwa mpiga picha wa kutembea. Jumapili baada ya misa angeweza kuwa Laela au Mpui, Jumapili nyingine Matai, Yashica yake shingoni. Mikanda ya rangi ilipelekwa Mbeya kusafishwa, na iliporudi alikaa na daftari akilinganisha, asije akampelekea mtu wa Chala harusi ya watu wa Kaengesa. Aliandika ili picha imfikie mwenyewe na yeye alipwe. Lakini bila maandishi hayo nisingejua kwamba mwanamke aliyesimama mlangoni mwa kanisa ni dada yake babu, wala si mke wake.

Kamera za dijitali zilipofika, kalamu iliwekwa kando. Kamera yenyewe ikawa inaandika, ndani ya faili, kwa utaratibu uitwao Exif uliotolewa Japani mwaka 1995: tarehe, saa, aina ya kamera, kasi ya kufunga lenzi. Mtu hakuiona kazi hiyo, na kwa kuwa hakuiona hakuijali. Betri ilipokufa kabisa saa ya kamera ilirudi mwanzo wake, na ndiyo maana nina picha za ubarikio zinazodai kupigwa usiku wa mwaka mpya wa 2000. Baadaye simu janja zikaongeza namba za GPS. Hapo nilifurahi kweli. Nilidhani tumepata daftari lisilosahau.

Nilikuwa na sababu ya kufurahi. Ufipa, uwanda wetu huu wa Sumbawanga, ni nchi ya wafua chuma. Kwenye uwanda huu bado yamesimama malungu, tanuri ndefu za udongo wa kichuguu ambazo hufikia mita 3, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo, vintengwe, zilizotumia mivukuto. Kazi hiyo ilikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Tanuri zilibaki mashambani, nyingine zimemea miti kifuani, nyingine zinapungua kila masika. Kuipiga picha tanuri kama hiyo bila kusema iko wapi ni nusu ya kazi: mwaka unaofuata mahindi yameota, njia imehama, na wewe unaulizia kijiji kizima.

Jamaa zangu wa upande wa Nkasi walianza kunitumia picha za malungu kwa programu ya kuchati. Picha zilikuwa nzuri, lakini zilifika tupu. Namba za GPS hazikuwamo, saa haikuwamo, na tarehe iliyosomeka kwenye jina la faili ilikuwa ya siku ya kutumwa. Programu za aina hiyo hubana picha ili iwe nyepesi, na katika kubana huvua kila kilichoandikwa ndani. Dawa ni kuituma kama dokumenti, hapo faili husafiri lilivyo. Wazee wawili niliowaelekeza hivyo kwa simu walinielewa mara moja, kuliko vijana wengi. Wao walikwisha kuzoea kwamba picha ina nyuma yake.

Kisha kuna suala la saa. Kwenye maporomoko ya Kalambo, maji yanapoanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwetu na Zambia, simu mara nyingi hunasa mnara wa ng'ambo, na saa yake inarudi nyuma kwa saa nzima. Exif huandika saa ya simu kama ilivyo; hadi toleo la 2016 haikuwa hata na nafasi ya kueleza ni saa ya nchi gani. Setilaiti huacha saa yake yenyewe, ya dunia nzima, hivyo anayejua anaweza kusahihisha. Namba za GPS zikifutwa, hana cha kusahihishia.

Hata hivyo siwalaumu wanaofuta. Mkoa wetu umeona watu wenye ualbino wakivamiwa na kukatwa viungo. Picha ya mtoto kama huyo iliyopigwa uani kwao, ikiwa na namba zinazokosea mita chache tu, inamfikisha mtu mbaya hadi mlangoni. Kwa hiyo Android 10 ilipotoka mwaka 2019, na kuanza kuficha lokesheni ya picha kwa programu isiyopewa ruhusa ya kuiona, ilifanya jambo la haki. Ninachokataa ni ukimya wake. Unachagua picha, unaipakia, hakuna anayekuambia kilichoachwa njiani. Programu ya Wikimedia Commons, hifadhi ya picha mtandaoni iliyo wazi kwa wote, ninayoitumia kwa malungu, ilibidi iongeze chaguo la kuchukua picha kama dokumenti, kwa sababu kichaguzi kipya cha Android kinaweza kuzipoteza namba hizo. Humo humo kwenye mipangilio unaweza kuamua kipi kibaki: lokesheni, jina la mpigaji, namba ya kamera. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, binadamu aulizwe.

Sasa, kabla ya kupakia, ninamuuliza mwenye shamba. Mmoja, ambaye watafutaji wa mali zinazosemekana kufukiwa na Mjerumani walikwisha kumchimbia mashimo kando ya tanuri, alitaka kujua kama namba zile zinaweza kutolewa baadaye akibadili mawazo. Nilimweleza kwamba kwenye ukurasa zitaondoka, ila aliyekwisha kuipakua picha atabaki nazo.

"Basi andika kata tu, mwanangu," akasema. "Za shamba zishike wewe, na mtoto wangu mkubwa mpe."