Kutoka Ruzuku ya Kitanda hadi Mkataba

Mwaka 1984 nilipoajiriwa kuwa karani wa hesabu katika hospitali ya misheni huko Nyanda za Juu Kusini, fedha ya Serikali ilichukua mstari mmoja tu katika leja yetu. Mistari mingine ilijazwa na ada za wagonjwa, michango ya marafiki wa Ulaya, na mauzo ya mahindi na maziwa ya shamba la hospitali. Mstari ule mmoja ulikuwa wa ruzuku. Ilikokotolewa kwa idadi ya vitanda vilivyotambuliwa na Wizara, pamoja na idadi ya watumishi wenye sifa zilizokubalika. Kitanda kilichoandikwa Wizarani kililipiwa hata kikiwa kitupu. Vile tulivyoongeza baadaye, vilivyolaliwa na watoto wawili wawili wakati wa baridi nimonia ilipochachamaa, havikulipiwa. Hakuna aliyeuliza tumezalisha akina mama wangapi, wala tumewapasua wangapi.

Mtindo huo tuliurithi. Waingereza walianza kuzipa ruzuku shule za misheni Tanganyika katika miaka ya 1920, na hospitali zikaja kuingizwa katika utaratibu wa namna hiyo. Uhuru ulipokuja, ruzuku iliendelea. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ilizitwaa shule kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Kwa upande wa hospitali mambo hayakwenda sawasawa na hivyo. Bugando, hospitali kubwa ya Kanisa Katoliki pale Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka uliofuata, kisha ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985 kwa makubaliano kwamba Serikali iendelee kuigharamia. Hospitali za vijijini kama yetu ziliachwa mikononi mwa wenyewe, na pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya Serikali, hospitali ya misheni iliteuliwa kuwa ya wilaya. Hata sheria ya mwaka 1977, iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara, iliyaruhusu mashirika ya dini yaliyokubaliwa kuendelea. Ndiyo maana katika wilaya nyingi mtu alizaliwa, akaugua na akafa akiijua hospitali moja tu, ile ya wamisionari.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikuwapo, na kuanzia 1986 shilingi ilishushwa thamani mara kwa mara. Ruzuku ilibaki pale pale. Bei ya mafuta ya taa, gozi na sabuni ilipanda kila nilipofungua hati mpya ya malipo. Zahanati zetu zilinusurika kwa makasha ya dawa muhimu, mpango ulioanza katika miaka hiyo kwa msaada wa Denmark. Hospitali yenyewe ilinusurika kwa barua za Sista aliyekuwa msimamizi wetu, alizowaandikia watu wa parokia za kwao usiku baada ya zamu. Nilizipiga chapa baadhi yake. Zilikuwa barua za kuomba, na nikaja kuelewa kwamba hata zile tulizopeleka Wizarani tuliziandika kwa sauti ile ile ya kuomba. Tuliishukuru Serikali kwa kutusaidia kuwatibu raia wake.

Mwaka 1992 mambo yalianza kubadilika. Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na mwaka huo huo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili iwe daraja kati ya pande hizo. Serikali ilikubali kwa maandishi kwamba shule na hospitali za makanisa ni sehemu ya huduma za taifa, na kwamba itashirikiana nayo kuziendesha. Haikupita muda taasisi za Kiislamu zikalalamika, na hoja yao ilikuwa na uzito: fedha ni ya walipa kodi wote, kwa nini makubaliano yawe na upande mmoja? Nililisikia swali hilo kwa majirani zangu, na bado naona lilistahili jibu bora kuliko lililotolewa. Wodini kwetu hatukumuuliza mtu dini yake, lakini kumtibu kila mtu hakutoshi. Masharti ya kupata fedha ya umma yanapaswa kuwa bayana, yawe wazi kwa yeyote anayetoa huduma, awe msikiti, kanisa au chama cha wananchi.

Hospitali yetu ikateuliwa rasmi kuwa hospitali teule ya wilaya. Tulifurahi. Hazina ilianza kulipa mishahara ya watumishi waliokubalika, nao wakaitwa watumishi wa ruzuku. Mganga Mkuu wa Wilaya aliingia katika bodi yetu. Ada zetu zilishushwa zilingane na za Serikali, ambayo kuanzia Julai 1993 ilikuwa imeanza kuwatoza wagonjwa wa hospitali zake katika utaratibu wa kuchangia gharama. Sambamba na ada ukaja msamaha: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma, na wale wasiojiweza waliothibitishwa na serikali ya kijiji, wote wasilipe.

Hapo ndipo nilipoijua sera ya fedha ilivyo, kwani ilikuja ikasimama mbele ya dirisha langu. Nakumbuka mzee mmoja aliyemleta kwa mkokoteni mkewe mwenye ngiri iliyobana. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri.

"Mwanangu," akasema, "hii imeandikwa na Serikali. Inasema nisilipe."

"Nimeiona, mzee. Mama atahudumiwa."

"Basi itakulipeni Serikali yenyewe."

Alisema kwa kujiamini kabisa, naye alikuwa na haki. Niliandika jina la mkewe katika daftari la msamaha, nikaandika gharama: dawa ya usingizi, nyuzi, maji ya mishipa, mafuta ya jenereta, siku za kulazwa. Mwisho wa robo mwaka nilijumlisha daftari zima na kupeleka hesabu Halmashauri. Jibu lilirudi kwa upole mkubwa: hakuna kasma ya malipo hayo. Robo iliyofuata nikapeleka tena, na nyingine, na nyingine. Watu wa Halmashauri hawakuwa wabaya. Nao walikuwa wamepewa orodha ya watu wa kuwasamehe bila kupewa fedha ya kuwasamehe. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mimi kama mhasibu niliona deni hilo likikua katika kitabu changu wakati katika vitabu vya Serikali halikuonekana popote. Aliyelilipa ni muuguzi aliyecheleweshewa posho, bohari ya dawa iliyobaki na rafu tupu, na mgonjwa mwingine aliyetozwa zaidi kidogo ili pengo lizibike.

Mwaka wa fedha wa 1999/2000 wafadhili na Serikali walianzisha Mfuko wa Pamoja wa Afya, na sehemu ya fedha hizo, kupitia mpango kabambe wa afya wa Halmashauri, ilitufikia. Zilisaidia sana, ingawa zilichelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mara nyingi tulizipokea mwaka umekwisha kwenda mbali, kisha tukatakiwa tuzitumie haraka kabla ya Juni.

Pigo kubwa lilitoka mahali ambapo sikulitazamia. Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ilipandisha mishahara ya watumishi wake wa afya, na mwaka 2007 ikaanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lilikuwa jambo jema kwa nchi. Lakini zahanati mpya zilihitaji wauguzi, nao walikuwa kwetu. Waliolipwa na hospitali yenyewe, bila ruzuku, hawakuweza kukataa mshahara bora, pensheni ya uhakika na nafasi ya kwenda masomoni. Muuguzi mmoja aliyeongoza wodi ya wazazi alikuja ofisini kuniaga, macho yamejaa machozi. "Kaka, naipenda hospitali hii," aliniambia, "lakini watoto wangu hawasomi kwa mapenzi yangu." Sikuwa na neno la kumzuia. Mwaka ule tulifunga baadhi ya vitanda, vile vile ambavyo zamani tuliomba vilipiwe.

Mwaka huo huo wa 2007 ndipo Wizara ilipotoa kiolezo cha mkataba wa huduma kati ya halmashauri na hospitali zisizo za Serikali. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko yote niliyoyashuhudia katika kazi. Mkataba ulitaka pande zote mbili ziandike ni huduma zipi zitatolewa, kwa nani, kwa bei gani, na taarifa zitatolewaje. Tulikaa katika ukumbi wa Halmashauri: Mganga Mkuu wa Wilaya, mweka hazina, katibu wa afya wa dayosisi, daktari wetu na mimi. Nilitakiwa nioneshe upasuaji mmoja wa kumtoa mtoto tumboni unagharimu kiasi gani. Nilikuwa nimekokotoa kila kitu: glovu, nyuzi, dawa, oksijeni, kufua mashuka, saa za daktari, za mtoa dawa ya usingizi na za wauguzi, umeme ukiwapo na jenereta umeme ukikatika. Mweka hazina aliipitia hesabu yangu mstari kwa mstari. Alinibana kwenye dizeli, nami nikamletea vitabu vya safari za gari na saa za jenereta. Mwishowe akakubali kwamba gharama ni hiyo, kisha akafungua makabrasha yake na kunionesha kasma aliyonayo. Haikufika nusu.

Tulitia saini kwa kiasi kilichokuwapo. Hata hivyo, siku ile kitu muhimu kilitokea: kwa mara ya kwanza Serikali na hospitali zilitazama hesabu moja. Pengo lililokuwa limefichwa katika daftari langu la msamaha liliandikwa katika muhtasari wa kikao cha Halmashauri. Nasi tuliwajibika zaidi. Zamani tulipopokea msaada, hakuna aliyetuhoji tumeutumia vipi mradi risiti zipo. Sasa tuliulizwa kwa nini akina mama wanaojifungulia kwetu wamepungua, kwa nini dawa fulani imekwisha, kwa nini mtu mwenye haki ya msamaha ametozwa. Yalikuwa maswali ya haki. Sera ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya 2009 na sheria yake ya 2010 ziliupa utaratibu huu nguvu zaidi kitaifa. Lakini mikataba mingi ilibaki na udhaifu ule ule: ilieleza hospitali itafanywaje ikishindwa kutoa huduma, bila kueleza Serikali itafanywaje ikishindwa kulipa.

Kuanzia 2017/18 fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma. Walio nje ya fani hii huenda wasione ukubwa wa hatua hiyo. Zamani hata zahanati ya Serikali iliyotaka kununua ndoo ilisubiri saini za wilayani. Niliona waganga wafawidhi wa vituo vya jirani wakijifunza kuandaa bajeti na kufunga hesabu, nikafurahi.

Kisha Serikali ikaanza kujenga hospitali za wilaya nchini kote, 67 kwa mkupuo wa kwanza, na wilaya yetu ikapata yake. Nilistaafu wakati kuta zinapanda. Sikusikitika hata kidogo kuziona. Wilaya yetu ilikuwa imepanuka na watu walihitaji hospitali ya pili. Kilichonisikitisha kilikuja baadaye, hadhi ya hospitali teule ilipoondolewa na watumishi wa ruzuku wakahamishiwa hospitali mpya kabla haijaulizwa nani atawahudumia watu wa tarafa ile ya milimani, ambao hospitali ya misheni ndiyo bado iliyo karibu nao. Majengo mawili yaligawana madaktari ambao hawakulitosha hata moja. Na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya UKIMWI iliyokuwa imewategemea watu wa mbali kwa miaka mingi ilitikisika, ikatukumbusha kwamba mchango wa rafiki, hata uwe mkubwa vipi, hauwezi kuwa nguzo ya sera.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, iliyoweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Nimeisoma kwa macho ya mtu aliyekaa dirishani na daftari la msamaha. Ikitekelezwa inavyopaswa, yule mzee wa mkokoteni atakuwa na kadi badala ya barua, na gharama ya mkewe itakuwa na mlipaji anayejulikana kwa jina. Ili ifike huko, bei zitakazowekwa zitokane na gharama halisi zilizokokotolewa na pande zote. Mfuko wa wasio na uwezo ujazwe kabla ya kadi kugawiwa. Malipo yawe na tarehe, na anayechelewesha awajibike kama anavyowajibika anayeshindwa kuhudumia. Masharti yawe yale yale kwa kila mtoa huduma asiyetafuta faida, bila kujali jengo lake lina msalaba, mwezi au halina alama yoyote. Na kabla hospitali mpya haijafunguliwa, wilaya ikae na zote zilizopo, zipange nani atafanya nini.

Hospitali za misheni zilijengwa kwa huruma, nami naiheshimu huruma hiyo maana ndiyo iliyonilea na kunisomesha. Lakini Serikali ikishatangaza kwamba mjamzito asilipe, matibabu yake yamekuwa haki yake, na haki ya raia haiendeshwi kwa huruma ya mtu mwingine. Lazima iwe na kasma yake, kila Julai, katika bajeti ya nchi.