Kadi za Baharia wa Illinois

Norfolk, Virginia, 3 Februari 2025
Leo Mzee ninayemtunza hakutaka chai wala televisheni. Aliniomba nimteremshie boksi la bati lililo juu ya kabati. Ndani mna kadi za posta ambazo babu yake, baharia kijana wa manowari Illinois, alimtumia mama yake mzazi. Rais Theodore Roosevelt alituma manowari 16, Illinois ikiwemo, zizunguke dunia, zote zimepakwa rangi nyeupe. Ziling'oa nanga hapa hapa Hampton Roads tarehe 16 Desemba 1907, zikarudi 22 Februari 1909. Mabaharia walikuwa kama 14,000.

Binti yake Mzee anataka kuziuza. Mzee hasemi ndiyo, hasemi hapana.

6 Februari
Nimezisoma zote. Kijana hakuwa mwandishi. Mimi mzima, huku joto, wasalimie wadogo zangu, basi. Na nafasi alikuwa nayo: hadi Februari 1907 posta ya Marekani ilitaka upande wa nyuma uwe wa anwani tu, maneno uyabane pembeni mwa picha. Machi mwaka huo wakaruhusu nusu ya nyuma iandikwe. Nusu yenyewe hakuijaza!

Simlaumu. Mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na bibi, asiyejua kusoma, alitosheka kuishika bahasha. Maadamu imefika, mwanawe yu hai.

Picha ndizo zinazodanganya. Meli zinang'aa kama kanzu za Idi. Kumbe zilikuwa zikila makaa ya mawe, na kila yalipopakiwa, mabaharia walibeba magunia mpaka meno yakawa ndiyo meupe pekee, bendi ikiwapigia muziki wasichoke. Kisha wanaosha meli, kisha ndipo zinapigwa picha. Kadi ya Punta Arenas inataja makaa na baridi, hakuna zaidi. Mfereji wa Panama ulikuwa bado (ulifunguliwa 1914), kwa hiyo walizunguka kusini kote kwa Mlango-Bahari wa Magellan.

11 Februari
Dalali wa vitu vya kale amekuja. Mtu mstaarabu, lakini mikono yake ina haraka. Akachagua za Sydney, zenye tai wa Marekani na kangaruu, na za Yokohama, zenye bendera mbili zilizopishana. Nyingine, asema, hazina soko.

Za Yokohama ni nzuri kweli. Tena zina kejeli yake: msafara ule ulikusudiwa, pamoja na mengine, kuionyesha Japani nguvu, wakati ugomvi wa wahamiaji wa Kijapani huko California haujapoa. Oktoba 1908 Wajapani wakawapokea wageni kwa kadi za kuwakaribisha na watoto wa shule wakiimba. Adabu nayo ni silaha. Manila, iliyokuwa chini ya Marekani yenyewe, mabaharia walizuiwa kushuka kwa sababu ya kipindupindu. Kadi ya Manila haina picha ya maana. Dalali aliisukuma pembeni kwa kidole.

14 Februari
Nimezipanga kitandani kwa tarehe za mihuri, Mzee akinisomea kwa miwani ya kukuzia. Trinidad, Rio, Callao, San Francisco, Auckland, Colombo. Hakuna bandari kubwa aliyoiruka. Mwanzoni mwa Januari 1909, Port Said: ngamia, na salamu zile zile. Halafu kimya mpaka Gibraltar.

Kimya hicho nakielewa: tetemeko liliibomoa Messina, Italia, tarehe 28 Desemba 1908 na kuua makumi ya maelfu ya watu. Illinois ilipelekwa kusaidia, na mabaharia wake ndio waliofukua vifusi mpaka wakaipata miili ya konseli wa Marekani na mkewe. Kijana aliyeandika kutoka kila bandari hakuandika neno kutoka Messina. Kadi ya Gibraltar inasema mengine atamsimulia mama akifika.

Ukizitoa za Sydney na Yokohama, pengo hili halitaonekana tena, maana zitabaki mapengo matupu.

Binti amepiga simu jioni. Nimemwambia wazi, ingawa mimi ni wa kuajiriwa tu: ukiuza, uza zote kwa mtu mmoja, kwa mpangilio wa mihuri, la sivyo, ziache kwenye bati. Amesema atafikiri. Dalali anarudi Jumatano.