Tulivyouza Land Rover ya babu Nkwenda

Omurushaka ni njia panda iliyo mbele kidogo ya Kayanga. Ukitoka Bukoba unashuka hapo, unaaga basi la Karagwe na kutafuta usafiri wa kwenda Nkwenda, wilayani Kyerwa. Nilipita hapo Julai mwaka jana nikiwa na mwanangu wa miaka minne. Ulikuwa msimu wa kahawa, karibu kila nyumba imeanika buni kwenye turubai na kuku wanafukuzwa mchana kutwa. Nilikuwa nakwenda kumsalimia bibi. Habari ya gari haikuwa kwenye mipango yangu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ambayo babu aliinunua mwaka 1986 kwa mtu aliyefanya kazi kwenye machimbo ya bati ya hukohuko Kyerwa. Ilibeba kahawa, maharusi na majeneza, na usiku ilibeba wajawazito kwenda Hospitali ya Nyakahanga. Mama alipelekwa nayo akiwa na uchungu wangu. Babu alifariki mwaka 2011 na tangu hapo gari lilikaa juu ya mawe pale kibanjani, chini ya mparachichi. Watoto wa ukoo wote wamejifunza "kuendesha" humo. Hata mimi.

Siku ya pili nilimkuta mwanangu kwenye usukani, vidole vya kijivu, kimoja kiko mdomoni. Binamu zake wakubwa walikuwa wamepasua betri ya zamani ili watoe risasi wayeyushe. Naandika habari za afya, na nyumbani kwetu wenyewe sikuwahi kuliangalia gari lile kwa jicho hilo.

Mzazi mwenzangu, risasi ya kwenye betri haimwachi mtoto salama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na mwanzoni huoni dalili yoyote. Nilimwosha mikono na uso kwa sabuni, nikamvua nguo na kuzifua peke yake. Vipande vya betri tulivikusanya kwa mikono iliyovaa mifuko ya plastiki. Sakafu tulifuta kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu ungerusha vumbi.

Bibi alikuwa amekaa kimya muda wote. Jioni akasema, "Mjukuu wangu, basi liondoke."

Kuondoka si kazi ndogo. Wa kwanza kufika walikuwa wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao. Waligonga bodi kwa kifundo cha kidole wakatabasamu, kwa sababu bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu, ambayo huuzwa ghali kuliko chuma. Waliahidi 700,000. Baba mdogo akacheka. Yeye alikuwa ameona picha za tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, na kichwani mwake gari letu lilishafika milioni 15.

Alipatikana kijana wa Arusha anayefufua magari ya aina hiyo. Akatutumia orodha kwenye simu: picha ya kadi, picha ya namba ya chesisi, injini inazunguka au imekamata, chesisi imeliwa kutu kiasi gani. Injini ilikuwa imekamata. Chesisi, ambayo ni chuma, ilikuwa na matundu nyuma. Namba tuliipata kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Kadi ilikuwa kwenye sanduku la bibi, jina la babu, anwani Karagwe, kwa kuwa Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya hadi mwaka 2012.

Hapo ndipo tuligota. Mwenye kadi akiwa marehemu, hakuna mtoto wala mjane anayeweza kusaini tu karatasi ya mauziano. Lazima pawe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ndipo TRA ibadilishe umiliki. Kwenye kikao cha ukoo baba wadogo wawili walijitaja wenyewe. Shangazi, ambaye huwa hasemi sana, akauliza nani aliosha damu kwenye gari lile baada ya kila safari ya Nyakahanga. Jina lililopelekwa Mahakama ya Mwanzo likawa la bibi.

Liliuzwa milioni 4.2. Baba mdogo bado ananuna. Bibi alinunua tanki la maji la lita 2,000 na kulipa ada za wajukuu wawili.

Niliporudi Novemba, msimu wa senene, gari lilikuwa limekwenda ila matairi manne yalibaki nyuma ya jiko yamejaa maji ya mvua, na viluwiluwi vya mbu vinacheza humo. Tuliyamwaga, tukayatoboa.

Pale chini ya mparachichi bibi alitaka kupanda mchicha. Nilimweleza kuhusu oili na risasi iliyomwagika kwenye udongo ule, nikamwomba apande maua. Akacheka, akauliza kama chuo kikuu walitufundisha kula maua. Mchicha ameupanda upande wa pili wa nyumba. Pale pana nyasi tu, na mwanangu bado anauliza gari limekwenda wapi.