Usimwachishe Mtoto Ziwa Mapema

Ndugu msomaji, je, mtoto wako ametimiza mwaka mmoja? Bado ananyonya? Vizuri sana. Usiwasikilize wanaosema kwamba baada ya mwaka maziwa ya mama ni maji matupu. Mimi ni mkulima na mama wa watoto wanne. Wote walinyonya miaka miwili. Nataka tuzungumze jambo hili, kwa sababu linawadhuru watoto wengi vijijini.

Katika mwaka wa pili, maziwa ya mama humpa mtoto kama theluthi moja ya nguvu anayohitaji kila siku. Yana protini ya kujenga mwili. Yana vitamini A ya kulinda macho. Yana pia kinga ya kupambana na magonjwa. Mtoto akiugua huweza kukataa uji, lakini mara nyingi ziwa halikatai.

Kitu kimoja ni kidogo katika maziwa hayo. Ni madini ya chuma, yanayosaidia kuongeza damu. Kwa hiyo, akitimiza miezi 6, mwanzishie chakula. Mpe uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Mpe dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, yai, maini na mboga za majani. Chakula huongezwa, maziwa hayaondolewi.

Sasa tuzungumze juu ya neno linaloogopwa: kubemenda. Mama anayenyonyesha akipata mimba, watu husema maziwa yake yameharibika. Husema akiendelea kunyonyesha, mtoto atabemendwa.

Nilipopata mimba ya tatu, mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi 16. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mtoe ziwa leo hii." Sikubishana naye. Nilimwomba twende pamoja kliniki. Muuguzi aliniuliza kama natokwa na damu, au kama niliwahi kuharibikiwa na mimba. Nikajibu hapana. Akatueleza kwamba mama akiwa mjamzito maziwa hupungua na ladha hubadilika, lakini hayawi sumu. "Endelea, mama," alisema, "ila ule zaidi." Tangu siku hiyo mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniongezea chakula.

Jirani yangu naye alipata mimba mwaka huo. Mtoto wake alikuwa na miezi 11. Alipakwa shubiri kwenye matiti, na mtoto akaachishwa siku moja tu. Akapelekwa kwa bibi yake. Huko alikula uji mweupe wa mahindi, asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache miguu ilivimba. Nywele zikawa nyekundu na nyepesi. Akawa hachezi wala hacheki.

Watu wakasema, "Amebemendwa." Wazazi wakaona aibu, wakamficha ndani. Walimpeleka hospitali alipokuwa hawezi tena kusimama. Mungu si Athumani, alipona. Wengine hawaponi.

Ugonjwa ule ni utapiamlo, na unaitwa kwashiakoo. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams aliujulisha ulimwengu kwa jina hilo. Alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Jina lilitoka kwa Waga, wenyeji wa huko. Kwao ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapokuja. Unaona, ndugu msomaji? Ni mtoto yule yule tunayesema amebemendwa. Hakudhuriwa na tendo la wazazi wake. Aliondolewa maziwa, akapewa chakula kisichotosha kumjenga. Dawa yake si aibu. Dawa yake ni hospitali na chakula bora.

Kwa hiyo mnyonyeshe mtoto wako mpaka miaka 2 au zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Ukipata mimba, nenda kliniki kwanza. Ikibidi kumwachisha, mwachishe polepole na umwongezee chakula. Mama mwenye virusi vya UKIMWI anaweza pia kunyonyesha, akitumia dawa kila siku na kufuata ushauri wa kliniki.

Na wewe baba, usimwachie mama peke yake. Mletee maharage, dagaa na karanga. Mpunguzie kazi ya maji na kuni. Na ukimwona mtoto amevimba miguu, usingoje maneno ya watu. Mbebe leo, mpeleke hospitali.