Chungu cha Kikorea kwa Mazao ya Iringa na Mbeya

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini haina mzaha. Mwezi wa Juni na wa Julai mama akitoka nje alfajiri kuchota maji, pumzi yake huonekana kama moshi, na watoto hawataki kutoka chini ya blanketi. Majira hayo mwili hutamani mchuzi mzito, wa moto, wenye pilipili ya kumtoa mtu jasho.

Wakorea wanao mchuzi wa namna hiyo. Nchi yao nayo ina milima mingi, na wakati wa baridi kali theluji huanguka. Mchuzi wenyewe huitwa jjigae, na ule unaopendwa sana hupikwa kwa kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Kabla baridi haijaanza, akina mama wa huko, pamoja na majirani na mawifi, hukusanyika na kuitengeneza kwa wingi ili iwafae miezi yote ya baridi. Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza desturi hiyo ya Korea Kusini katika orodha ya urithi wa utamaduni.

Basi tulipopanda basi Iringa kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300, tulibeba kikapu na swali moja: je, chungu hicho chaweza kupikwa bila kuagiza kitu ng'ambo?

Vitunguu tulikuwa navyo kabla ya kuondoka, kwa kuwa Ilula, upande wa barabara ya Morogoro, ni nyumbani kwa vitunguu na nyanya. Tuliipita Mafinga na misonobari yake ya Sao Hill. Makambako upepo ulitupokea kwa ukali, na huko ndiko viazi vya Njombe hutokea, katika yale magunia ya lumbesa yaliyoshonewa kilemba juu, ambayo humnufaisha mnunuzi na kumwumiza mkulima. (Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini macho yetu hayakudanganyika.) Kisha barabara inateremka Usangu, nchi ya mpunga, kupitia Chimala na Igurusi, halafu inapanda tena hadi Uyole. Hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake limebebwa na mbegu za maharage kama Uyole Njano. Kwa kuwa hatukuwa na jibini ya soya ambayo Wakorea hukatia mchuzini, tulinunua maharage sado moja.

Mbeya, katika soko la Mwanjelwa, ndipo tulipofurahi zaidi. Supu ya Wakorea mara nyingi huanza kwa dagaa wakavu waliochemshwa. Na sisi tunao usipa wa Ziwa Nyasa, wanaoletwa kutoka Kyela! Kabichi, tangawizi na saumu zilikuwapo mafungu kwa mafungu. Kikapu kikajaa.

Furaha hiyo ina upande wake wa uchungu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa watoto zaidi ya nusu walio chini ya miaka 5, karibu asilimia 57, wamedumaa. Kwa nchi nzima ni asilimia 30. Njombe nao wako karibu nusu. Mikoa inayolisha Dar es Salaam! Chakula kipo, lakini maharage na viazi hupakiwa kwenye lori, na mtoto hubakiwa na uji wa mahindi matupu kwa sababu mama yuko shambani tangu asubuhi hadi jioni. Hatuwezi kumlaumu mama peke yake. Baba anayehesabu magunia ya kuuza ahesabu pia debe la kubaki nyumbani. Yule mwanamke wa Mithali 31 anasifiwa kwa kuleta chakula kutoka mbali, nasi tunacho mlangoni.

Kwa hiyo chungu hiki tumekipanga ili mtoto mdogo naye apate sehemu yake.

Siku tatu au nne kabla, katakata kabichi ya kilo 1, uichanganye na vijiko vikubwa 2 vya chumvi, uiache saa mbili. Isuuze na kuikamua. Twanga punje 6 za saumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Pilipili ya Wakorea ni nyekundu sana lakini si kali kama pilipili kichaa yetu, hivyo weka kichaa 2 tu, na upate rangi kwa hoho jekundu lililotwangwa. Changanya vyote, shindilia katika chupa safi ya mdomo mpana mpaka maji yake yaifunike kabichi, na ufunike bila kukaza.

Siku ya kupika, ondoa vichwa na matumbo ya usipa kikombe 1, maana ndivyo vyenye uchungu. Wachemshe kwa maji lita moja na nusu kwa dakika 15. Wakorea huwatoa dagaa na kubakiza supu. Sisi tunasema watwangwe warudi chunguni, kwani ndimo ilimo nguvu ya mifupa. Tia viazi 4 na vikombe 2 vya maharage yaliyokwisha kuiva. Viazi vikilainika, chota sehemu ya mtoto aliyetimiza miezi 6 na uiponde vizuri, bila chumvi wala pilipili.

Katika sufuria nyingine kaanga nusu kilo ya nyama ya nguruwe kwa mafuta yake yenyewe hadi iive, utie kitunguu na kabichi yako pamoja na maji yake. Ikilainika, mimina yote chunguni, ichemke taratibu nusu saa. Jirani Msabato au Mwislamu akialikwa, tumia nyama ya ng'ombe, au acha nyama kabisa, kwani usipa na maharage vinatosha. Nyunyiza majani ya vitunguu, ukiepue.

Tulikila kwa wali wa Kyela. Siku ya pili, kilipopashwa moto, kilikuwa kitamu zaidi, na ugali ulikifaa kuliko wali.