Bibi, Kinu na Mashine ya MRI

Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu kutoka Wete kwenda Dar es Salaam kupimwa mgongo kwa MRI. Tulipanda boti Mkoani, pesa za karafuu zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Bibi akalazwa, akaingizwa ndani ya lile pipa, mlango ukafungwa. Hazikupita dakika tano, akaminya kile kipira cha kuitia watu. Akatolewa anatetemeka. "Mwanangu, mashine ile yataka kupasuka!" Picha hazikutoka. Tukaambiwa turudi baada ya wiki.

Kusema kweli nilimkasirikia. Nauli ile, safari ile! Halafu nikajiuliza: hivi kuna aliyemwambia kwamba mashine inapiga kelele? Hakuna. Hata mimi, mwalimu mtarajiwa, sikujua.

Usiku ule nikakaa kusoma. Ndani ya mashine mna sumaku kubwa, na humo mna koili zinazopitishiwa umeme unaowashwa na kuzimwa kwa kasi mno. Waya wenye umeme ukiwa ndani ya sumaku husukumwa, basi koili zinatikisika kama spika. Kelele zake zinaweza kupita desibeli 100. Wataalamu wanahangaika kuzipunguza. Njia moja ni kuubadilisha umeme taratibu zaidi, ingawa kipimo huweza kuchukua muda mrefu. Nyingine ni kuzifungia koili kwenye ombwe, maana sauti haisafiri pasipo hewa. Hata Peter Mansfield wa Nottingham, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya 2003 kwa kazi ya MRI, alilishughulikia tatizo hili. Kwa mgonjwa, msaada wa karibu ni vizibo vya masikio.

Basi kila jioni nikawa namgongea bibi meza: kwanza polepole, kisha ta-ta-ta-ta mfululizo. Nikamwambia ni koili zinatikisika, hazipasuki. Zikinyamaza ghafla, ajue inakuja picha nyingine. Bibi akacheka: "Kumbe kinu tu hicho!"

Siku ya kurudi alitiwa vizibo, akalala humo nusu saa. Kipira hakukigusa. Alipotoka akaniambia, "Leo wametwanga sana."

Darasani tunaambiwa tuanze somo na kile mwanafunzi anachokijua. Nilikuwa naliandika hilo kwenye andalio la somo ili nipate maksi tu. Mfano wa kinu sikuutoa mimi, aliutoa bibi.