Fungu la Kumi la Simba



Leo nataka nikuambie kuhusu mbwa wetu, Simba. Usicheke kwanza. Mungu amenifundisha kupitia kwake jambo ambalo nimelihubiri miaka mingi bila kulisikia.

Kila jioni nikitoka kwenye ushirika Langas kurudi nyumbani Kapsoya, nilikuwa nanunua mandazi stejini. Mawili yalikuwa ya Simba. Nikifungua geti ananirukia, namrushia moja, halafu la pili. Jumapili wageni wakishakula, alipata ngozi ya kuku na mafuta ya mbuzi. Mama Mchungaji aliniambia, "Baba Neema, huyu mbwa amenona mpaka hawezi kukimbia." Nikamjibu kwamba mbwa wa mtumishi lazima aonje baraka.

Jumatatu moja asubuhi Simba hakuja mlangoni. Alikuwa ametapika usiku kucha, amejikunja kwa maumivu. Tukambeba kwa Probox ya jirani mpaka kwa daktari wa mifugo. Akampima, akasema kongosho limevimba, na kwamba chakula chenye mafuta mengi kinaweza kuleta hali hiyo. Akamtundikia maji. Kisha akaniuliza, "Pasta, ni nani humpa mafuta?"

Nilitamani kusema ni watoto.

Simba alilala huko siku tatu. Siku ya kumchukua, daktari aliniambia vitamutamu vya mbwa visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Nikasema, "Daktari, hilo si ni fungu la kumi?" Akanijibu, "Basi Pasta, wewe umekuwa ukitoa sadaka ya kuteketezwa."

Kama una mbwa, shika haya. Mpe kipande kidogo cha karoti, au nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, bila kitunguu na bila mfupa. Kipande kiwe kidogo kama ukucha wa kidole gumba; yeye hufurahia kupewa, hapimi ukubwa. Usimpe chokoleti, zabibu wala vitunguu, hivyo ni sumu kwake. Chingamu zisizo na sukari pia weka mbali, kwa sababu nyingine zina zailitoli, ambayo inaweza kumuua. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Sasa sikia kilichonigusa. Jioni ya kwanza nilifungua geti mikono mitupu. Niliogopa, nikidhani Simba atanikasirikia. Akanirukia vilevile. Akanusa mkono, akakosa mandazi, akalala juu ya viatu vyangu.

Mpendwa, nilisimama pale getini nikalia. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na biskuti za Neema, na Neema alikuwa ameshalala. Kama jana. Kama juzi. Nilikuwa nafika nyumbani nimechelewa, halafu nalipia kuchelewa kwangu kwa sukari. Mbwa aliugua mwilini nikaona. Mtoto je, angeugua wapi ndipo nione?

Mithali 12:10 inatuonyesha kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Na katika Mathayo 7 Yesu anatukumbusha kwamba baba hampi mwanawe jiwe akiomba mkate. Mimi nilikuwa natoa jiwe lililopakwa sukari. Zawadi njema humtazama anayepokea. Yangu ilikuwa ya kutuliza dhamiri yangu.

Siku hizi Jumanne na Alhamisi wazee wa kanisa wanaongoza ushirika. Mimi, Neema na Simba tunatembea kabla giza halijaingia. Karoti iko mfukoni, kidogo tu.

Ni nani nyumbani kwako unayempa vitu badala ya kumpa wewe mwenyewe? Mpigie simu leo. Afadhali zaidi, rudi mapema.

Baba, tufundishe kutoa kinachojenga, si kinachotuondolea hatia. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili limekugusa, sema Amina. Nawapenda.